Moyo Unaodunda ndani ya Kilobaiti 8

Mchezo mzima una kilobaiti 8. Picha moja ya harusi inayotumwa kwa WhatsApp kutoka Masasi kwenda Newala, hata baada ya simu kuibana, inaupita ukubwa huo mara nyingi, na picha hiyo haifanyi kazi yoyote ila kumwonyesha bwana harusi akitabasamu. Ndani ya kilobaiti 8 za Dungeons of Daggorath mna mahandaki ya matabaka 5, viumbe wa aina 12 ambao kila mmoja ana sauti yake, mienge inayofifia, panga, ngao, chupa za dawa na za sumu, pete za uchawi, na mchawi anayekungoja chini kabisa. Na mna moyo, ambao nitauzungumzia kwa kirefu kwa sababu sijaona fundi wa gemu aliyeubuni vizuri zaidi, si kabla yake wala baadaye.

Mchezo huu una tarehe ya 1982. Uliandikwa na Douglas Morgan na Keith Kiyohara wa kampuni ndogo iitwayo DynaMicro, sauti zikatengenezwa na Phil Landmann, ukauzwa katika maduka ya Radio Shack ukiwa ndani ya kasha la plastiki la kuchomeka ubavuni mwa TRS-80 Color Computer. Kompyuta hiyo ya nyumbani ilitoka 1980, ikauzwa dola 399 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 4, na mtu aliiunganisha na televisheni ya sebuleni. Prosesa yake, Motorola 6809, ilikwenda kwa kasi isiyofika hata megahezi 1.

Huku kwetu Tanzania hakuna aliyeiona. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia zikaingia humo humo. Wizara ya Fedha ilikwisha kuwa na kompyuta tangu 1965, kwa hiyo haikuwa kwamba nchi haikujua kitu hicho ni nini. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu 1973. Bara tulingoja hadi 1994. Mwaka 1983, wakati mtoto wa Marekani akiandika amri za kumpiga buibui wa mistari, huku wenye maduka walikuwa wakificha sabuni na sukari kwa hofu ya msako wa wahujumu uchumi. Kaseti tulikuwa nazo, tena nyingi, lakini zilikuwa za muziki wa dansi. Kwamba kaseti ileile ingeweza kuhifadhi safari ya mtu ndani ya mahandaki, akaizima mashine usiku na kuendelea kesho yake, ni jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Daggorath ilifanya hivyo hasa.

Mchezo huu nauchezea Newala, kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, kwa kutumia programu iitwayo XRoar inayoiga mashine ile ya zamani kiasi kwamba programu ya 1982 haitambui kuwa imehamishwa nyumba. Mtaa wa pili kuna kibanda cha gemu ambako vijana hulipia mechi za mpira, na msimu wa korosho ukifika, pesa zikiingia, hupati pa kukaa. Niliwahi kumwonyesha kijana mmoja wa pale mahandaki yangu. Alitazama, akauliza, “Kaka, hii haijamaliza kufunguka?” Nilimwelewa. Kwa macho aliyozoea, kilichokuwa mbele yake kilikuwa ramani ya fundi seremala kabla mbao hazijapigiliwa.

Maana ukiingia unachoona ni mistari. Mstari wa dari upande huu, wa sakafu upande ule, yote inakwenda kukutana mbali. Penye uwazi wa kukata kona, mistari inavunjika. Hakuna jiwe, hakuna rangi, hakuna unyevu ukutani. Kuupaka ukuta rangi kungehitaji kumbukumbu ambayo haikuwepo na muda ambao prosesa ile haikuwa nao. Wengine wa zama zile waliukubali umaskini huo na kuishia hapo. Mafundi wa DynaMicro waliufanya mstari wenyewe ubebe habari. Mwenge wako ukiwa mpya, mistari ya karibu imeshikana na ya mbali ni nukta nukta. Mwenge unavyozeeka, nukta zinaachana, kisha sehemu ya mbali ya njia inatoweka kabisa, na unabaki unajua kwamba pale mbele pana kitu au hapana kitu, na huna njia ya kujua ila kwenda. Giza la mchezo huu halikuchorwa. Ni nukta zilizoachwa bila kuwekwa. Sijui namna ya bei nafuu zaidi ya kutengeneza giza.

Viumbe nao wamejengwa kwa ubahili uleule. Buibui amehifadhiwa mara moja tu, kama orodha fupi ya ncha za mistari. Akiwa mbali, programu inazizidisha namba zake kwa kipimo kidogo. Akisogea, kwa kipimo kikubwa. Akiwa mbele ya uso wako amejaa skrini nzima, na ni orodha ileile. Vivyo hivyo nyoka, nge, jitu lenye shoka, askari mwenye ngao, na mzuka. Milango, ngazi na mashimo ya sakafuni yote yamepitia kiwanda hicho kimoja. Mwanafunzi aliyesoma hesabu za uwiano kidato cha kwanza anaweza kuelewa mashine yote ya picha hizi kwa kikao kimoja, na hilo kwangu ni sifa ya kazi, kwa kuwa fundi hakuwa na siri ya kuficha, alikuwa na wazo tu na akalifuata hadi mwisho.

Lakini macho ni ya pili katika Daggorath. Masikio ndiyo yanayotangulia. Kila kiumbe ana sauti yake, na sauti hiyo inaongezeka kadiri anavyokukaribia, hata kama kati yenu kuna kuta. Sauti hizo hazikurekodiwa popote, kwani kurekodi kungekula kilobaiti zote 8 kwa mlio mmoja. Zinatengenezwa papo hapo na vipande vifupi vya programu vinavyoisukuma spika ya televisheni kwa namna tofauti. Baada ya muda unajua kwamba mlio huu ni wa nyoka, kwamba ule wa kishindo ni wa jitu, na kwamba huu mwingine, usioujua, ndio wa kuuogopa. Unasimama njia panda, huoni kitu, na unasikia. Unasikia tena, kwa nguvu kidogo. Anakuja au anapita? Umegeukia upande gani? Mchezo haukusubiri uamue. Viumbe wanatembea kwa saa yao wenyewe, uandike usiandike.

Hilo la kutosubiri lilikuwa jambo zito kwa wakati wake. Rogue ya 1980 na Wizardry ya 1981, ambazo ndizo mababu wanaotajwa kila mara katika michezo ya mahandaki, zote zinakungoja: adui amesimama, wewe unaweza kwenda kunywa chai na kurudi. Sizibezi, zina akili ya aina nyingine, ya mtu anayecheza bao na kuhesabu kete kabla ya kuinua mkono. Uingereza, mwaka 1982, Malcolm Evans aliuza mchezo wa mjusi mkubwa anayekufukuza ndani ya njia za kutatanisha kwenye ZX81, nao haukungoja. Lakini ule ulikuwa wa kukimbia tu. Daggorath ilitaka ukimbie, upigane, upekue mkoba, na ufikiri, vyote kwa wakati mmoja. Dungeon Master, iliyosifiwa duniani kote kwa kuleta mahandaki yasiyongoja, ilitoka 1987 kwenye Atari ST yenye kilobaiti 512.

Sasa moyo. Chini ya skrini kuna mstari mmoja wa habari: upande wa kushoto umeandikwa kilichomo mkono wa kushoto, upande wa kulia kilichomo mkono wa kulia, na katikati kuna moyo mdogo unaojikunja na kujikunjua. Kila unapojikunja, unasikia dundo. Hakuna namba za uhai. Hakuna kipimo chekundu kinachopungua. Unaingia ukiwa mzima, moyo unakwenda polepole, na sauti yake unaisahau kama unavyousahau wa kwako. Ukitembea unaharakisha kidogo. Ukiinua upanga unaharakisha zaidi. Ukipigwa unaruka. Na kila kitu ulichobeba mkononi na mkobani kina uzito, na uzito huo unaingia kwenye hesabu ya kila hatua unayopiga: mwenye ngao ya shaba na panga mbili anachoka mapema kuliko mwenye mwenge na upanga mmoja. Ukisimama tu bila kufanya lolote, unapoa.

Bibi yangu mmoja, mzaliwa wa huku huku juu, alikuwa amekaa barazani jioni moja wakati spika ikiwa wazi. Aliusikiliza ule mdundo muda, kisha akaniita. “Mjukuu wangu, huyo kabeba nini hata moyo umpige hivyo?” Nilimwambia, “Kabeba ngao na panga, bibi, halafu anapanda.” Akasema, “Basi atue.”

Nilitua. Na hilo ndilo jibu sahihi la mchezo huo. Wachezaji wazoefu hulifikia baada ya kufa mara nyingi. Yeye alilijua kwa njia nyingine. Uwanda wa Makonde, ulipo mji wa Newala, juu hauna mito. Mvua inanywewa na udongo wa kichanga na kutokea chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa mteremko. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kusukuma maji kutoka bonde la Kitangari, wanawake wa vijiji vya ukingoni walishuka alfajiri na kupanda na mtungi kichwani, na aliyepanda vile hafundishwi na mtu kwamba mzigo, mwinuko na moyo ni hesabu moja. Anajua mahali pa kupumzika kabla ya kufika hapo. Anajua kwamba anayekazana ili afike haraka ndiye anayemwaga.

Mafundi wale wa Marekani hawakuwa wakifikiria Newala. Lakini walilifikia jambo ambalo gemu nyingi hazijalifikia hadi leo: kwamba uchovu na jeraha ni kitu kimoja mwilini. Katika gemu za kawaida kuna kipimo cha uhai hapa, kipimo cha nguvu pale, na uzito wa mzigo kwenye ukurasa wa tatu. Hapa vyote vimemiminwa ndani ya moyo mmoja. Pigo la jitu na hatua ya kupanda vinaongeza kitu kilekile. Ndiyo maana unaweza kujiua mwenyewe kwa kukimbia kutoka kwa adui ambaye angekupiga mara moja tu. Mdundo ukizidi kiasi, skrini inaanza kufifia, inafifia zaidi, inakuwa nyeusi. Hujafa, umezimia. Unasikia bado. Unasikia moyo ukishuka taratibu, na kama bahati yako ni mbaya unasikia pia yule uliyemkimbia akikukuta. Kisha mistari inarudi kidogo kidogo, au hairudi.

Nimejaribu kutafuta kasoro katika mpango huu wa moyo na sijaiona. Ni kipimo usichohitaji kukitazama, kinachokutisha bila neno, kinachokufundisha subira bila kukuhubiria, na kimechukua nafasi ya vipimo kadhaa ambavyo kilobaiti 8 zisingevibeba.

Mikono nayo inastahili maneno machache. Huchezi kwa vishale wala kwa kubofya, unaandika amri. Kusogea ni M. Kushambulia kwa mkono wa kulia ni A na R. Kutoa mwenge mkobani kwa mkono wa kushoto ni P, L, T. Neno zima linakubalika, na kifupi chake kinakubalika, ilimradi kifupi hicho hakigongani na kingine. Wanaoutazama mchezo juujuu huona huu ni usumbufu wa kizamani. Mimi nauona kuwa ndio uti wa mgongo. Ukiogopa, vidole vinakosea. Ukikosea, mchezo unakujibu kwa alama tatu za kuuliza, bila dharau na bila msaada, na nge bado yupo. Hofu inapita kwenye kibodi hadi mikononi mwako halisi. Mchezaji mzuri wa Daggorath si mwenye vidole vya haraka. Ni yule ambaye vidole vyake havibadiliki mwendo moyo wa skrini unapobadilika.

Mkoba nao. Ukitaka kuona ulichobeba, njia inaondoka machoni na orodha inakuja, na wakati unaisoma hujui kinachosogea mbele yako, unakisikia tu. Vitu vingi hukuta havijatajwa jina kamili: ni pete, ni chupa, basi. Ili kujua ni pete gani lazima uwe umepata nguvu ya kutosha, na nguvu inatokana na kuua. Chupa moja inatibu, nyingine inaongeza nguvu, ya tatu ni sumu, na zote zinaitwa chupa. Kisha kuna hili ambalo nilipoligundua nilicheka peke yangu: viumbe wengi ni wachoyo. Wakikuta kitu sakafuni wanasimama kukiokota kabla ya kukushambulia. Ukiwa taabani, moyo unadunda vibaya, unaweza kuangusha mwenge uliokufa, askari wa ngao akainama kuuokota, nawe ukapata nafasi ya kupumua. Ukimwua baadaye anauangusha na unaurudia. Mistari michache ya programu, na tayari kiumbe kina tabia.

Njia zenyewe zilichimbwaje? Kila tabaka ni uwanja wa seli 32 kwa 32, yaani 1,024. Kuhifadhi ramani 5 za namna hiyo kungetafuna sehemu kubwa ya kasha. Kwa hiyo hawakuhifadhi ramani hata moja. Walihifadhi mbegu: namba ndogo ambazo zikiingizwa kwenye kikokotoo cha bahati nasibu hutoa mfuatano uleule kila mara. Programu inaanzia mahali, inachimba kuelekea upande uliotajwa na kikokotoo, inakata kona, inaendelea, na kila mara inakagua kwamba haijafungua ukumbi wa seli nne pamoja, ili njia zibaki njia. Ikimaliza, karibu nusu ya uwanja imechimbwa. Kila mchezaji duniani, mwaka wowote, anapata mahandaki yaleyale, ingawa hayakuandikwa popote. Na mbegu za matabaka yote 5 ni baiti 7. Kila tabaka linatumia baiti 3, ila la pili linaanzia hatua moja tu mbele ya la kwanza, la tatu hatua moja mbele ya la pili, wakikopeshana baiti kama majirani. Nilipolifahamu hilo niliiacha kompyuta nikatoka nje kidogo.

Uwanda wetu wa Makonde nao una historia yake ya njia za kupoteza watu. Zamani sehemu kubwa ya juu ilikuwa kichaka kinene, miti midogo iliyosongamana hata jua halifiki chini, na vijiji vya Wamakonde vilifichwa ndani yake, vikifikiwa kwa vijia vyembamba ambavyo mgeni hakuvitofautisha. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa watumwa walipopita bonde la Ruvuma na wavamizi wa Kingoni walipotoka magharibi, kichaka hicho kilikuwa boma. Masasi, iliyo chini kwenye tambarare kati ya vile vilima vyake vya mawe, haikuwa na kinga hiyo: misheni ya UMCA iliyoanzishwa pale 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa ilivamiwa 1882, na baada ya hapo wamisheni wakapanda kuhamia Newala. Karl Weule, mtaalamu wa mila kutoka Leipzig, alipofika Masasi na Newala 1906 akiwa na fonografu na kamera ya sinema, alikiandika kichaka hicho kwa mshangao, na kitabu chake kikatoka 1908. Naona ajabu kwamba kamera ya sinema ilifika Newala 1906 bila kuzuiwa na mtu, na kompyuta ikaja kuzuiwa 1974.

Leo kichaka kimebaki vipande. Mikorosho imechukua nafasi, na mikorosho hupandwa kwa mistari. Ila ukisimama pale Shimo la Mungu, mwisho wa mji wa Newala, ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini hadi upande wa Msumbiji, unaelewa kwa nini katika Daggorath mashimo ya sakafuni yanashuka tu. Ngazi zinapanda na kushuka. Shimo halikurudishi.

Sitausifu mchezo huu kupita kiasi chake. Tabaka la kwanza, ukiwa na upanga wa mti, linachosha: unapiga, unarudi nyuma, unangoja moyo, unapiga. Kuna saa ambazo ufundi unageuka kazi ya kibarua. Namna ya kuhifadhi safari kwenye kaseti ilikuwa ya polepole, na wenye haraka hawakuhifadhi, wakajuta. Mwishoni mwa tabaka la tatu unakutana na mchawi, unampiga, unashangilia, kumbe ni taswira yake tu. Unajikuta tabaka la nne na mkoba wako umepukutika. Wapo wanaouita ujanja mzuri. Mimi nauita ukatili, hasa kwa aliyehangaika kubeba vitu vile kwa hesabu ya moyo tangu mwanzo. Na mwisho wenyewe ni mwembamba: unamshinda mchawi wa kweli, unatumia pete ya mwisho, na wewe ndiwe mchawi mpya. Hadithi inaishia hapo, bila kuulizwa kama ulitaka.

Bado, ukipima kwa kilobaiti, sina mchezo wa kuuweka mbele yake. Riwaya ya Ernest Cline ya 2011, Ready Player One, iliurudisha kwenye vinywa vya watu waliokuwa wameusahau, lakini waliupenda kwa kumbukumbu za utoto wao. Mimi sina utoto nao. Nimeukuta nikiwa mtu mzima, bila duka la Radio Shack la kulikumbuka, na umenishika kwa kazi yake tu. Nadhani huo ni mtihani mgumu zaidi kwa kitu cha zamani, na umeupita.

Kuna jambo moja zaidi la kuwashukuru. Miaka mingi baada ya kasha kuondoka madukani, Morgan alitoa ruhusa ya maandishi kwamba mtu yeyote, popote duniani, anaweza kuunakili na kuugawa mchezo pamoja na kitabu chake cha maelekezo, bila kulipia haki. Kwa hiyo ninyi walimu wa TEHAMA wa sekondari za Masasi, Ndanda na Newala, ambao kompyuta zenu ni chache na intaneti ni ya kubahatisha, mchezo huu unaingia kwenye flashi yoyote na bado unabaki na nafasi ya kila kitu kingine. Wapeni wanafunzi wawili wawili mashine moja: mmoja aandike amri, mwenzake ashike penseli na karatasi ya miraba, wachore ramani ya tabaka la kwanza mpaka wakutane na ngazi ya kushuka. Wakimaliza, wawekeeni ramani za makundi mezani waone kwamba zinafanana. Kisha wapeni kazi ya pili, ambayo ndiyo yenyewe: waandike programu yao, ya mistari michache wanayoweza, itakayochimba handaki kutoka kwenye namba moja, na ichimbe lilelile kila inapowashwa.